Azimio Moja, Nia Mbili: Kisa cha Wapangaji wa Bara katika Mtaa Mmoja wa Mombasa

Kisa hiki kilitokea mwaka 2022 katika mtaa ulio ng'ambo ya daraja la Nyali. Jina la mtaa na majina ya watu yameondolewa, kazi za baadhi ya wahusika zimebadilishwa, na maelezo ambayo yangemtambulisha mtu yamepunguzwa. Nimekiandika kwa ajili ya wanaokaa kwenye kamati za amani, walimu, maimamu na wachungaji, watu ambao huitwa mambo yakishaharibika na kutakiwa wayatengeneze kwa siku chache. Ninachotaka kionekane ni kwamba watu wawili wanaweza kutia sahihi karatasi moja ya ubaguzi kwa sababu mbili tofauti kabisa, na anayewatibu wote kwa dawa moja atampoteza mmoja wao.

Usuli

Mtaa wenyewe ni wa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, choo na bomba uani. Wenye nyumba wengi ni Waswahili na Wamijikenda. Wapangaji ni mchanganyiko, na wengi wametoka bara: vibarua wa godauni, mafundi, walinzi wa usiku, mama mboga.

Mwenye nyumba hapa si lazima awe mwenye ardhi. Kwa utaratibu wa siku nyingi wa Mombasa, mtu huweza kumiliki nyumba bila kumiliki kiwanja kilichoibeba. Humlipa mwenye shamba kodi ya ardhi, na hatimiliki hana. Kwa hivyo anayemwita mwenzake mgeni mara nyingi ni mtu ambaye naye aweza kuamka kesho akaambiwa abomoe aondoke. Bila kulijua hilo, hasira za mtaa huu haziwezi kueleweka.

Halafu kuna kumbukumbu ya Likoni, upande wa kusini wa Mombasa, ng'ambo ya feri. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na silaha zikachukuliwa, na majuma yaliyofuata watu wa bara wakashambuliwa majumbani na vibandani mwao. Zaidi ya watu 100 waliuawa na takriban 100,000 wakahama makwao. Baadhi ya wapangaji wa mtaa huu walivuka feri mwaka ule na watoto mgongoni. Wao wakisikia baraza limekaa kuzungumzia "watu wa bara" katika mwaka wa uchaguzi, hawasubiri kusikia mwisho wa maneno.

Na kazi zilikuwa zimepungua. Tangu 2019, serikali ilipotaka makontena yasafirishwe kwa reli, kazi za malori na za yadi za makontena zilianza kukauka, na vijana waliokuwa wakipata kibarua huko wakarudi kukaa maskani mchana kutwa.

Mlolongo wa mambo

Mapema mwaka 2022 kundi la vijana wenye mapanga lilianza kupita mtaani baada ya isha, likinyang'anya simu na pesa. Dereva mmoja wa bodaboda alikatwa mkono. Maduka yakawa yanafungwa mapema, na watu wazima wakaacha kuswali alfajiri msikitini.

Kila mtu alijua, japo hakuna aliyesema hadharani, kwamba baadhi ya vijana wale walikuwa watoto wa mtaa huohuo. Mama zao walikuwa wakionana bombani. Lakini kadiri majuma yalivyopita, mazungumzo ya vibarazani yaliwaacha vijana hao na kuwageukia wapangaji wapya: nani kawaleta, mbona wamezidi, mbona hawasalimii. Nimekutana na hali hii mahali pengi, na naiona ni ya kusikitisha kuliko chuki ya wazi. Kumtaja mtoto wa jirani ni kuvunja udugu wa miaka thelathini. Kumtaja mpangaji aliyeingia mwezi jana hakugharimu chochote.

Mwezi wa Mei baraza la mtaa likaketi na kutoa azimio. Kila mpangaji aliyeingia katika miaka miwili iliyopita alete barua kutoka kwa chifu wa kwao. Wenye nyumba wasiwapangishe vijana wa kiume kutoka bara mpaka uchaguzi upite. Asiye na barua apewe siku saba. Vijana wa mtaa walinde usiku kwa rungu. Karatasi ikabandikwa dukani. Mwenyekiti, nitamwita Mzee K., mstaafu wa bandarini, alitia sahihi wa kwanza. Wa pili alikuwa Bwana S., mwenye nyumba kadhaa mtaani.

Kundi la kwanza lililoitwa kusuluhisha lilifanya mkutano mkubwa wa umoja uwanjani. Zilichezwa ngoma za makabila mbalimbali, wasemaji wakasifu tofauti zetu, na mmoja akawakemea waziwazi walioandika azimio kwamba ni wakabila. Siku mbili baadaye milango ya vyumba viwili vya wapangaji wa bara ilikutwa imepakwa alama za rangi nyekundu. Familia moja ilihama asubuhi ileile, na nyingine kabla ya juma kuisha.

Hapo ndipo naibu chifu na imamu wa msikiti walipotuita, wenzangu wawili na mimi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoitisha mkutano wowote. Serge Moscovici na Marisa Zavalloni walionyesha mwaka 1969, kwa wanafunzi wa Ufaransa, kwamba watu wenye mwelekeo mmoja wakijadiliana pamoja hutoka na msimamo mkali kuliko waliokuja nao. Baraza la Mei lilikuwa limekwenda hivyohivyo: aliyeanza kwa kutaka taa za barabarani alimaliza kwa kuunga mkono siku saba. Tukaamua kwenda nyumba kwa nyumba.

Mmoja wetu alikuja na maswali ya kupima mwelekeo wa umabavu, yaani tabia ya kupenda mamlaka kali na kila mtu afuate mkondo mmoja, yale yanayotumika katika tafiti za Marekani: kipi ni bora kwa mtoto, kujitegemea au kuwaheshimu wakubwa, udadisi au adabu. Anayechagua heshima na adabu mfululizo huhesabiwa kuwa na mwelekeo huo. Tuliyajaribu vibarazani, na karibu kila tuliyemuuliza alichagua adabu, pamoja na wale waliolipinga azimio kwa nguvu zote. Mtoto wa Mombasa asiye na adabu hana wa kumtetea, na jibu hilo halimwambii mtafiti chochote kuhusu siasa. Hata Marekani kwenyewe, Efrén Pérez na Marc Hetherington walionyesha mwaka 2014 kwamba maswali haya hayapimi kitu kimoja kwa Wamarekani weusi na weupe. Tukayaweka kando.

Kasoro ya vipimo katika fani hii ina historia ndefu. Mwaka 1950 Theodor Adorno, Else Frenkel-Brunswik, Daniel Levinson na Nevitt Sanford walichapisha utafiti mkubwa wa kueleza ni mtu wa namna gani huvutwa na ufashisti. Kauli za kipimo chao zote zilielekea upande mmoja, kiasi kwamba mtu mwepesi wa kusema "ndiyo" alionekana dikteta mdogo. Bob Altemeyer wa Kanada alikirekebisha mwaka 1981, akabakisha nyuzi tatu: kuitii mamlaka inayokubalika, kuwa mkali kwa wale ambao mamlaka hiyo inawalaumu, na kushikilia desturi. Nyuzi hizo, zikichukuliwa kama namna ya kusikiliza badala ya dodoso, zilitusaidia sana.

Mzee K. tulimkuta kibarazani baada ya alasiri, na birika la kahawa pembeni. Mwenzangu, binti wa Mombasa, ndiye aliyezungumza naye.

"Ami, hili azimio lakupa raha?"

"Mimi si adui wa mtu," alisema. "Lakini nikitoka alfajiri nataka nijue nani akaa wapi. Zamani hapa ukisikia mtu akohoa wamjua. Sasa mle ndani sijui yupi ni yupi, na vijana hawanisikii. Mimi mwenyekiti wa nini?"

Hakuzungumzia makabila hata mara moja mpaka alipoulizwa. Alizungumzia taa ya mulika mwizi iliyokufa na haikutengenezwa, vijana kuvuta bangi karibu na madrasa, na polisi wanaopigiwa simu wasije. Mtu huyu alikuwa akililia utaratibu.

Bwana S. alipokea maswali yaleyale kwa namna nyingine. Wizi aliutaja kwa sentensi moja. Muda uliobaki alieleza nani anastahili kukaa wapi. "Hawa ukiwalegeza watakukalia kichwani. Kila mtu na pahali pake." Ikajitokeza baadaye kwamba wapangaji wa bara aliwatoza amana ya miezi mingi kuliko wengine, na kwamba vyumba vyao alikuwa akitaka kuvikarabati avipangishe kwa bei ya juu.

Hapa tulirejea kwa mwanasaikolojia John Duckitt, ambaye mwaka 2001 alipendekeza kwamba ubaguzi una mizizi miwili. Mmoja unatoka kwa mtu anayeiona dunia kuwa mahali pa hatari. Huyo hutaka umoja na mkono wa chuma ili apate kulala. Mwingine unatoka kwa mtu anayeiona dunia kuwa mashindano ambamo mmoja lazima awe juu na mwingine chini. Mzizi huu wa pili ndio ambao Jim Sidanius na Felicia Pratto walikuwa wameueleza miaka ya 1990. Wa kwanza ni Mzee K., wa pili ni Bwana S.

Kwa Mzee K. tuliamua kuuheshimu upande wa azimio uliohusu utaratibu na kuutenga na upande uliowalenga watu. Daftari la wakazi liwepo, lakini limwandike kila mtu, mwenye nyumba na mpangaji, mwenyeji na aliyekuja jana, chini ya Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama wao. Kabila na kaunti ya asili visiandikwe. Orodha inayoonyesha nani ametoka wapi ni chombo cha hatari mikononi mwa mtu mbaya, na Likoni haiko mbali. Naibu chifu naye alikubali kufuatilia taa ile yeye mwenyewe.

Ulinzi wa usiku uliandikishwa polisi na kupangwa kwa jozi, Mpwani na mtu wa bara, zamu kwa zamu.

Tulichagua pia nani aseme. Mtu anayeheshimu mamlaka habadilishwi na mgeni mwenye fulana ya umoja. Humsikiliza mkubwa wake. Imamu alizungumza Ijumaa kuhusu haki ya jirani, akaleta ile hadithi ya Jibril kumuusia Mtume kuhusu jirani mpaka akadhani atafanywa mrithi. Hakulitaja azimio. Naibu chifu akakaa faragha na wenye nyumba na kuwasomea Katiba ya 2010: kifungu cha 27 kinachokataza ubaguzi na cha 39 kinachompa kila raia haki ya kukaa popote nchini. Akawakumbusha pia kwamba Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ina adhabu ya jela.

Mwisho yalikuwa mazungumzo ya mlangoni. David Broockman na Joshua Kalla walichapisha mwaka 2016 utafiti wa Miami ambao mazungumzo ya takriban dakika kumi yasiyo na lawama, yakimtaka mtu akumbuke siku alipohukumiwa yeye, yalipunguza ubaguzi dhidi ya watu waliobadili jinsia, na athari ilionekana hata baada ya miezi mitatu. Suala letu lilikuwa jingine, lakini njia ilitufaa.

"Ami, wewe ushawahi kuulizwa watoka wapi?"

Mzee K. alikizungusha kikombe kwenye kisosi. Kisha akasimulia alivyokwenda kubadilisha kitambulisho akapelekwa mbele ya kamati ya kumhoji, akatakiwa alete cheti cha babu yake. "Babu yangu kazaliwa Mji wa Kale. Mngereza alimkuta. Cheti cha nini?" Alisimulia jina moja moja la waliokuwa mezani siku ile, na namna kijana mmoja wa umri wa mwanawe alivyoirusha faili yake bila kumtazama. Hasira ilikuwa mbichi kama ya jana.

Mwenzangu hakuongeza neno. Baada ya kitambo mzee akamwita mjukuu amletee miwani na nakala ya azimio, akalisoma lile sharti la barua ya chifu. "Hili litoke," akasema. La vijana wa bara hakulitoa siku ile. Lilitoka juma lililofuata, baada ya daftari kukubaliwa na wote.

Matokeo

Azimio jipya lilibandikwa dukani bila kutaja bara wala pwani. Siku saba zikafutwa. Doria za jozi zilianza, na juma la pili jozi moja ilimtambua kijana wa mtaa miongoni mwa wanyang'anyi. Mjomba wake mwenyewe ndiye aliyempeleka kituoni. Jambo ambalo halikuweza kusemwa tangu mwanzo wa mwaka likasemwa, na uvumi dhidi ya wapangaji ukapungua ghafla.

Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti ulipita kwa utulivu. Kisha likaja jaribio ambalo hakuna aliyelitarajia: uchaguzi wa gavana wa Mombasa, sawa na wa Kakamega, uliahirishwa kwa sababu ya makosa katika karatasi za kura, ukafanyika tarehe 29 Agosti. Majuma yale ya kungoja yalikuwa magumu kuliko kampeni yenyewe. Uvumi wa magari yaliyojaa vijana ulisambazwa kwenye simu, na doria ilikaribia kugawanyika. Ilishikamana kwa sababu wale wa zamu walipigiana simu kwanza kabla ya kuamini walichotumiwa.

Familia mbili zilizohama hazikurudi. Bwana S. alisaini azimio jipya bila kubishana, kisha mwezi wa Oktoba akawapandishia kodi wapangaji wake watatu wa bara kwa kiwango ambacho alijua hawatakimudu. Wote watatu walihama. Alichokikosa kwa azimio alikipata kwa kalamu ya risiti.

Uchambuzi

Mkutano wa uwanjani ulishindwa kwa sababu inayoelezeka. Karen Stenner alieleza mwaka 2005 kwamba wenye mwelekeo wa umabavu huweza kuishi kwa amani na majirani wa kila namna mpaka wahisi umoja wa kundi unavunjika au viongozi hawashiki tena usukani. Hapo ndipo mwelekeo huamka na kutafuta wa kuadhibiwa. Akaonya kwamba kuzipigia debe tofauti mbele yao huongeza hofu. Alichofanyiwa Mzee K. uwanjani ni hicho: mtu anayelalamika kwamba hamjui jirani yake alionyeshwa, kwa ngoma, jinsi majirani walivyo tofauti naye, kisha akatukanwa. Siwezi kusema mkutano ndio uliopaka rangi milango ile. Nasema ulimnyima mtu pekee aliyeweza kuwazuia vijana sababu ya kuwazuia.

Wengi husema dawa ni watu kuchanganyika. Mtaa huu ulikuwa umechanganyika miaka mingi, bomba moja na choo kimoja. Gordon Allport, mwaka 1954, aliweka masharti ambayo mara nyingi husahaulika: walio pamoja wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, walifikie kwa kushirikiana, na mamlaka iwaunge mkono. Thomas Pettigrew na Linda Tropp walipokusanya tafiti zaidi ya 500 mwaka 2006 waliona kuchanganyika kunasaidia hata masharti yasipotimia yote, ila husaidia zaidi yanapotimia. Mpangaji na mwenye nyumba wanaokutana tarehe tano kudaiana kodi hawana hadhi sawa. Wawili wanaoshika tochi moja saa nane za usiku wanayo. Ndiyo maana naamini doria ilifanya kazi kubwa kuliko mazungumzo yetu yote, ingawa bila mazungumzo Mzee K. asingeiruhusu.

Hiki ni kisa kimoja. Uchaguzi ulipita, wanyang'anyi walikamatwa, taa ikawaka. Yote yalitokea ndani ya miezi michache, na kupima mchango wa kila kimoja hakuwezekani. Mzee K. mwenyewe hakugeuka kuwa mpenzi wa watu wa bara. Bado hulalamika kwamba hawasalimii. Kilichobadilika ni kwamba hamwazii tena mtu asiyemsalimia kuwa ndiye mwizi.

Kwa Bwana S. karibu kila tulichofanya hakikufua dafu. Alipoulizwa kama amewahi kuhukumiwa kwa asili yake alicheka: "Nani wa kunihukumu mimi?" Hotuba ya jirani aliisikiliza akiwa safu ya kwanza. Daftari halikumtisha wala kumtuliza, kwa kuwa hofu haikuwa tatizo lake. Mtu wa namna hii huzuiwa na gharama: sheria inayofuatiliwa, sifa inayoharibika, mpangaji mwenye mahali pa kushtaki. Onyo la naibu chifu lilimfanya aachane na maneno ya wazi, na hilo si dogo, lakini njia ya kodi ilibaki wazi.

Njia hiyo ni pana kisheria pia. Baraza la Kodi linalosikiliza mashauri ya wapangaji wa nyumba za kuishi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi (Sura ya 296 ya Sheria za Kenya) hushughulikia nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho vyumba vya Bwana S. vilikuwa vimekipita. Kwa hivyo kamati ya amani ya mtaa imechukua hatua iliyo ndani ya uwezo wake. Kila ilani ya kuhama au ya kupandisha kodi inaandikwa, pamoja na tarehe na sababu iliyotolewa, na nakala inabaki kwa naibu chifu, ili kabla ya kura za 2027 ionekane ni mwenye nyumba gani anawahamisha akina nani.